Karanga Katika Sufuria ya Jabe: Historia ya Mbegu Iliyopokelewa na Wapishi

Sombe inayopikwa Jabe, mtaa wa zoni ya Bwiza jijini Bujumbura, ina historia ndefu kuliko jiji lenyewe. Majani ya mihogo hutwangwa, huchemshwa kwa muda mrefu, hutiwa mawese, na mwisho huungwa kwa karanga zilizosagwa. Mihogo na karanga asili yake ni Amerika ya Kusini. Mchikichi unaotoa mawese ni wa Afrika Magharibi. Nayo namna ya kuunga mboga kwa kitu kizito chenye mafuta, kinachotiwa mwishoni kwa moto mdogo, inafanana sana na mapishi ya mwambao wa Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Jabe. Ni rahisi kudhani kwamba mambo haya yalikutana kwa bahati tu. Ukweli ni kwamba yana mantiki yake. Karanga zilipokelewa kwa sababu jiko la Afrika Mashariki na la Maziwa Makuu lilikuwa tayari na nafasi ya mbegu yenye mafuta kabla hazijafika, na nafasi hiyo ilipanuka kila kitoweo au mafuta mengine yalipopungua. Walioifanya mbegu hii kuwa ya hapa ni wapishi, na wengi wao walikuwa wanawake. Wafanyabiashara na watawala walijaribu mara kadhaa kuigeuza kuwa mali ya meli na viwanda, na hawakuishika kama kinu kilivyoishika.

Kabla ya 1500: Nafasi iliyokuwa tayari

Karne nyingi kabla ya karanga kuvuka bahari, wakulima wa Afrika walikuwa na njugu mawe, jamii ya kunde inayozaa chini ya udongo na ambayo asili yake ni Afrika Magharibi. Ilienea polepole hadi mashariki na kusini mwa bara, na mpaka leo inalimwa na kuuzwa. Njugu mawe hushibisha kwa wanga wake, lakini mafuta yake ni machache, chini ya asilimia 10 ya uzito. Mafuta ya mboga yalitoka kwingine: ufuta, mbegu za matikiti na za mung'unye, ambazo zilikaangwa, zikatwangwa na kutiwa katika majani yaliyochemshwa. Kwa hiyo jiko lilikuwa na desturi mbili zilizokwenda sambamba. Kunde ya ardhini ilichemshwa ikaliwa kama chakula, na mbegu ya mafuta ilitwangwa ikawa kiungo.

Karanga zilikusanya sifa za pande zote mbili. Ua likishachavushwa, kikonyo chake hurefuka, huinama na kujichimbia udongoni, na ganda hukomaa humo kama linavyokomaa ganda la njugu mawe. Lakini ndani ya ganda hilo mna kokwa ambayo karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, kama ufuta, na takriban robo ni protini. Mkulima aliyezoea njugu mawe hakuhitaji kufundishwa wapi pa kutafuta mavuno, na mpishi aliyezoea ufuta hakuhitaji kufundishwa namna ya kutwanga. Hapa ndipo hoja ya makala haya inaposimama. Zao geni likikuta jembe linaloweza kulilima na kinu kinachoweza kulipokea, halihitaji amri ya mtu ili lienee.

1500–1800: Kutoka Brazili hadi mwambao

Karanga zilianza kulimwa Amerika ya Kusini maelfu ya miaka iliyopita, na mabaki yake yamechimbuliwa katika ardhi kavu ya Peru. Wareno walipofika Brazili mwaka 1500, walizikuta mikononi mwa wenyeji. Mreno mmoja, Gabriel Soares de Sousa, aliandika mwaka 1587 maelezo ambayo bado yana thamani kwa mtu anayechunguza historia ya mapishi. Anaeleza kwamba kazi ya kupanda karanga ilikuwa ya wanawake, kwamba waume zao hawakujua lolote kuihusu, na kwamba wanawake wa Kireno walioishi Brazili walizitumia kutengeneza vitu vitamu vyote ambavyo kwao vilitengenezwa kwa lozi. Tangu mwanzo kabisa wa safari yake, basi, mbegu hii ilikuwa mali ya shamba la mwanamke na ya meza ya maandazi na peremende, na iliingia jikoni mwa wageni kwa kushika nafasi ya kitu walichokijua tayari. Mwenendo huohuo tutauona tena barani Afrika.

Meli za Ureno ziliunganisha Brazili, Angola, Msumbiji na Goa, na karanga zilisafiri nazo katika karne ya 16 na zilizofuata, zikiwa chakula kikavu kisichoharibika upesi. Utawala wa Wareno katika mwambao wa Waswahili haukudumu. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, iliwatoka mikononi mwaka 1698. Mahindi, mihogo, mapapai na karanga vilibaki. Mwambao ulizipa karanga kazi mbili. Ya kwanza ni kashata: karanga zilizokaangwa, zikakandwa katika sukari iliyoyeyushwa, zikamiminwa na kukatwa vipande kabla hazijakauka. Ya pili ni kuunga mboga, na katika kazi hiyo zilikuwa nyuma ya nazi, kwa sababu mwambao ulikuwa na nazi ya kutosha.

1840–1896: Njia ya misafara na mahali nazi ilipokoma

Katika miaka ya 1840 viwanda vya sabuni na mafuta vya Marseille vilianza kununua karanga za Senegali kwa wingi. Baadaye kidogo makampuni ya Ufaransa yalikuja kutafuta karanga kaskazini mwa Msumbiji na ufuta Zanzibari. Mbegu za mafuta za Afrika sasa zilikuwa na bei ng'ambo. Mtu angeweza kudai kwamba bei hiyo ndiyo iliyozisukuma karanga mpaka bara, lakini jiografia inakataa. Mzigo wa karanga uliobebwa kichwani kutoka Ziwa Tanganyika hadi Bagamoyo ungekuwa na gharama kubwa kuliko thamani yake, na ndiyo maana misafara ilibeba pembe za ndovu na kuwatembeza watu waliotekwa utumwani. Karanga zilizolimwa kando ya njia zililiwa kando ya njia.

Nazo zilikuwa nyingi. Richard Burton na John Speke walifika Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, Februari 1858, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860 Burton aliziorodhesha karanga na njugu mawe miongoni mwa mazao ya nchi alizopita. Zao lililokuwa limeenea kiasi hicho kabla ya mzungu wa kwanza kuandika habari za ziwa hilo halikuletwa na mkoloni. Lilitangulia, kwa jembe moja hadi jingine.

Misafara ilibadilisha jambo jingine. Watu wa mwambao, na watu wa bara waliojifunza mila zao na kujiita waungwana, walifika Tabora, Ujiji, Uvira na Manyema wakiwa na namna yao ya kupika. Mpishi wa mwambao hukuna nazi, hukamua tui la kwanza zito na kuliweka kando, huchemsha mboga kwa tui jepesi, kisha hurudisha tui zito mwishoni na kukoroga bila kuacha ili lisikatike. Mnazi hupenda joto la mwambao na chumvi ya bahari, na kadiri msafara ulivyopanda bara ndivyo nazi ilivyoadimika. Karanga zilizosagwa na kuvurugwa katika maji hutoa rojo jeupe, zito, lenye mafuta, nalo hufuata kanuni zilezile: litiwe mwishoni, moto uwe mdogo, mwiko usitulie kwa sababu rojo hushika chini ya sufuria upesi. Kisamvu, yaani mboga ya majani ya mihogo, cha nazi cha mwambao na kisamvu cha karanga cha bara ni mapishi ya mkono mmoja. Kilichobadilika ni mbegu.

Pingamizi kubwa dhidi ya maelezo haya ni mawese. Ujiji ilikuwa soko la mawese, na michikichi imestawi kando ya ziwa tangu zamani, Rumonge hasa. Kama mafuta yalikuwepo, karanga zilihitajiwa kwa nini? Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, mchikichi hustawi katika ukanda wa chini wa ziwa na hudhoofika milimani penye baridi, kwa hiyo mawese kwa watu wa milima yalikuwa kitu cha kununua. Pili, na hili ndilo lenye uzito zaidi, mawese na karanga hazifanyi kazi moja. Mawese huipa mboga rangi, harufu na mafuta. Karanga huipa mafuta pamoja na uzito na protini, na huyageuza maji ya mboga kuwa mchuzi unaoweza kushikwa na tonge la bugali. Mpishi wa kando ya ziwa alizitia zote mbili katika sufuria moja, na sombe ya Bujumbura hupikwa hivyo mpaka leo.

1896–1945: Usumbura, Waswahili na mihogo ya amri

Katika miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kama Rumaliza, alitawala biashara ya ziwa kutoka Ujiji, lakini Mwezi Gisabo, mwami (mfalme) wa Burundi, aliwazuia watu wa Rumaliza wasiingie ndani ya nchi yake. Ndiyo maana Waswahili walijikita ufukweni, na Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa zamani, mwishoni mwa miaka ya 1890, mji ulikua ukiwa na askari, wapagazi na wachuuzi waliozungumza Kiswahili. Wabelgiji waliuteka mji mwaka 1916 na baadaye wakawatenga wakazi Waafrika katika mitaa yao. Buyenzi ikawa mtaa wa Waswahili, na Bwiza, ambamo Jabe imo, ikawa jirani yake. Katika mitaa hiyo desturi ya mwambao ya kuunga mboga, mawese ya kando ya ziwa na maharage ya milimani vilikutana kwenye soko moja.

Watawala waliziona karanga pia, ila kwa jicho jingine. Mwaka 1907 Zimmermann, mtaalamu wa Kijerumani katika koloni la Afrika Mashariki, alikuwa wa kwanza kueleza ugonjwa wa rozeti unaodumaza mikaranga na kuenezwa na vidukari. Uchunguzi huo ulikuwa wa manufaa. Lakini lililoibadilisha sufuria ya Burundi halikutoka maabara. Lilitoka katika sera ya chakula. Baada ya njaa za miaka ya 1920, Wabelgiji waliwalazimisha wakulima wa Ruanda-Urundi kupanda mazao yasiyotegemea msimu mmoja, hasa mihogo na viazi vitamu, huku wakieneza kahawa kuwa zao la kodi. Mihogo ilienea kwa amri, na pamoja nayo yakaja majani mengi mabichi yasiyo na bei.

Majani hayo ni chakula kigumu. Yana sumu ya sianidi ambayo hutolewa kwa kuyatwanga vizuri na kuyachemsha muda mrefu bila kufunika sufuria, na yakishaiva bila mafuta hukwaruza koo. Kadiri mihogo ilivyoenea ndivyo karanga zilivyohitajiwa, kwa sababu zililainisha majani na kuyageuza kuwa kitoweo kinachoweza kushika nafasi ya nyama siku ambazo nyama haikuwepo. Serikali iliagiza mizizi. Wapishi ndio waliyafanya majani yalike, na karanga ndizo walizofanyia kazi hiyo. Baada ya njaa kali ya 1943 na 1944, desturi hiyo ilikuwa imekita mizizi.

1946–1951: Somo la Kongwa

Kama kuna tukio linalopima hoja hii kwa ukali, ni mradi wa karanga wa Tanganyika. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine Tanganyika, na serikali ya London ikakubali mpango wa ekari zaidi ya milioni tatu huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Reli na bandari vilijengwa Mtwara. Vichaka vya Kongwa vilivunja majembe ya mashine, mvua ilikuwa haba, na udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kiasi cha kuzing'ang'ania karanga zisichimbike. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na takriban pauni milioni 36 zikawa zimepotea.

Watetezi wa mradi walisema tatizo lilikuwa haraka na mashine mbovu, na kwamba wazo lenyewe lilikuwa zuri. Ni kweli kwamba haraka iliumiza. Lakini kosa la msingi lilikuwa kutouliza zao hili lilikuwa likiishi vipi kabla ya matrekta. Wakulima wa nchi hiyohiyo walipanda karanga katika vipande vidogo, pamoja na nafaka, wakitarajia mwaka mmoja kupata na mwingine kukosa, kwa sababu kiasi walichohitaji kilikuwa cha kuunga mboga na kuuza kidogo. Kilimo hicho hakikulenga kujaza meli, ndiyo maana ukame haukukifilisi. Kusini mwa Tanzania, ambako mradi ulishindwa pia, kumeendelea kuwa nchi ya karanga, na utafiti unaojali mkulima mdogo ulifuata baadaye. Kituo cha Naliendele, Mtwara, kimetoa mbegu kama Pendo, iliyoidhinishwa mwaka 1998, nazo zinapandwa na wakulima wadogo.

1960–2013: Sumu, vita na soko lililoungua

Mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu, na uchunguzi ukaifichua sumu ya aflatoksini, inayodhuru ini. Kwa jiko la karanga hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na halipaswi kukwepwa kwa kusifu mila. Kukaanga hupunguza sumu hiyo lakini hakuimalizi, na karanga zikishasagwa hakuna jicho linaloweza kuiona. Kinga inaanza shambani kwa kuvuna kwa wakati na kukausha upesi, kisha inakuja kwenye ungo. Mwanamke anayechambua karanga sokoni huzitandaza, hutoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye vumbi la kijani, na sehemu kubwa ya sumu huondoka na kokwa hizo chache. Kazi hiyo huonekana ndogo na hulipwa kidogo, ilhali ndiyo inayotenganisha chakula na madhara. Hatari kubwa iko pale kokwa mbovu zinapotengwa na mnunuzi mwangalifu, kisha zikauzwa kwa bei ya chini zikiwa tayari zimesagwa. Anayeumia ni maskini.

Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na vita vilivyoanza 1993 viliijaribu upya. Mwaka 1996 nchi jirani ziliiwekea vikwazo vya biashara vilivyodumu hadi 1999, na vyakula vya kutoka nje vikapanda bei. Mwaka huohuo wa 1996, huko Ufaransa, daktari André Briend na Michel Lescanne walitengeneza mchanganyiko mzito wa karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini kwa watoto wenye utapiamlo mkali. Pakiti moja ya gramu 92 ina kalori 500, na mtoto anaweza kuila nyumbani bila kuchanganya na maji yasiyo salama. Mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikubali tiba hiyo itolewe katika jamii. Sayansi ilifikia kwa njia yake jambo ambalo wapishi walilitegemea siku nyingi, kwamba karanga hubeba nguvu nyingi katika kiasi kidogo cha chakula. Nchini Burundi, ambako uchunguzi wa 2016–2017 uliona asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, jambo hilo lina uzito wa pekee.

Tarehe 27 Januari 2013 Soko Kuu la Bujumbura liliteketea, na biashara ya chakula ikaangukia zaidi masoko ya mitaani. Karanga hazikuhitaji jengo kubwa ili ziendelee kuuzwa. Zilipimwa kwa kopo, zikasagwa karibu na nyumbani, na zikafika sufuriani siku hiyohiyo.

Sufuria na tanuri

Imebaki sehemu ya jiko ambayo karanga hazijaingia sawasawa, nayo ni tanuri. Mwaka 1916 George Washington Carver, katika chuo cha Tuskegee huko Alabama, alichapisha kijitabu cha njia 105 za kuandaa karanga, zikiwemo mikate, keki na biskuti nyingi. Aliwaandikia wakulima weusi ambao pamba yao ilikuwa imeharibiwa na wadudu. Katika miji ya Maziwa Makuu mkate ulikuja na mkoloni pamoja na ngano, na ulifuata kanuni za mwokaji wa Kizungu. Karanga zikabaki kwenye kashata na kwenye kikaango.

Wapo wanaosema ni sawa, kwa sababu unga wa karanga hauna gluteni na mkate wake hauumuki. Hoja hiyo inahusu mkate peke yake. Biskuti, keki na maandazi hazihitaji unga wote uvutike. Ukibadilisha sehemu ya unga wa ngano kwa karanga zilizokaangwa na kusagwa pamoja na sukari, ili mafuta yasijitenge, unga unalainika na siagi inayohitajiwa inapungua. Karanga mbichi zingeacha ladha ya kunde, kwa hiyo kukaanga ni lazima. Haya yote ni maarifa ya sufuria yakihamishiwa tanurini, na katika nchi kama Burundi, inayonunua sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje, faida yake haiishii kwenye ladha.

Lawama ya mwisho inayosikika ni kwamba chakula kilichojengwa kwa mbegu za Amerika hakiwezi kuitwa cha asili. Kama asili ni mahali mbegu ilipoota mara ya kwanza, basi mataifa machache yana chakula chao. Italia isingekuwa na nyanya wala Ireland viazi. Historia inaonyesha kipimo kingine: chakula ni cha watu walioijua mbegu kiasi cha kuipangia kazi, kuitambua ikiwa mbovu, na kuirithisha. Kwa kipimo hicho karanga ni za Jabe kwa haki kamili. Na kama karanga zimekaa hapa kwa uwezo wa wapishi, basi kila mpango wa kuziendeleza, uwe wa mbegu bora, wa maghala makavu au wa mikate mipya, uanze kwa kuwauliza wanaochambua, wanaosaga na wanaounga mboga, na uwalipe kwa maarifa hayo. Mpango wa Kongwa haukuwauliza, na matokeo yake yanajulikana.